Sweta la Kulungu wa Miguu Mitano

Skerry Bight,
Newfoundland.
24 Novemba 2003

Mwanangu Selby,

Pokea salamu zangu mimi shangazi yako Dulcie. Sijambo kabisa, isipokuwa goti la kushoto, na hilo ni goti la ukoo wetu, linalalamika hata likiwa limekaa. Ukungu umetuganda wiki ya pili sasa. Paka wa jirani Hubert amezaa ndani ya kiatu changu cha kanisani, nimegundua nikiwa nimeshaingiza mguu. Hubert mwenyewe anakusalimu. Redio yake imekufa, na tangu hapo anashinda jikoni kwangu akinywa chai kama amelipia.

Nia ya barua hii ni kifurushi ulichokipokea. Ndani kuna sweta lako la Krismasi. Ni bluu iliyokoza, kama koti la baharia, kifuani kuna kulungu watatu weupe wamesimama kwa adabu, na pembeni vitunda vyekundu. Nyuzi nimezichagua mwenyewe kwa mikono yangu, sikumwuliza mtu. Nimelifuma miezi mitatu. Zamani lingenichukua wiki tatu, lakini balbu za siku hizi hazina mwanga. Ya jikoni nimeibadilisha mara nne, zote takataka.

Livae. Marehemu baba yako alivaa la kwangu kila Krismasi mpaka anaondoka duniani, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Sikuulizi kama utakuja mwaka huu. Mwaka jana sikukuuliza, na juzi yake pia sikukuuliza. Nasema tu kwamba kitanda kipo na shuka ni safi.

Ni mimi shangazi yako,
Dulcie Keeping


Vancouver,
22 Desemba 2003

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limenyamaza na kiatu kimerudi kwa mwenyewe. Mimi ni mzima. Mvua hapa haijui kukatika. Kazini dukani bado wananiweka kwenye mashine ya kuchanganya rangi, watu wanakuja na kipande cha pazia wanataka ukuta ufanane nacho, na mimi nachanganya mpaka jioni.

Asante sana kwa sweta. Nilipolifungua nilikaa kitandani kwanza. Shangazi, mimi ni mtu wa rangi, nimechanganya maelfu, lakini rangi ile sijawahi kuichanganya.

Sasa habari yenyewe. Duka lilifanya sherehe ya Krismasi, kila mtu avae sweta, na kulikuwa na mashindano. Nimeshinda! Nimekuwa wa kwanza kati ya watu thelathini na mmoja. Waamuzi hawakubishana hata dakika moja. Mmoja wao ilibidi aletewe kiti. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa na sweta linalowaka taa na kupiga muziki, na bado alinyoosha mikono akasema hapa sina langu. Wamenipa bata mzinga wa kwenye barafu na kombe la bati lililopakwa dhahabu. Nimekuwekea picha, mimi na kombe na sweta lako.

Mashindano yalikuwa ya masweta tu. Mambo ya masweta kwa jumla.

Nyumbani sitafika mwaka huu, kazi zimebana. Nakukumbuka sana.

Mwanao,
Selby


Skerry Bight,
19 Januari 2004

Mwanangu, bingwa wangu, Selby,

Salamu! Salamu tena! Sisi hatujambo, Hubert hajambo, paka hawajambo, hata goti leo halijambo, nalipa uhuru wake.

Barua yako Hubert alinisomea. Si kwamba nashindwa kusoma, ila mtu mpweke mpe kazi. Alipofika pale pa "wa kwanza kati ya thelathini na mmoja" nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie kwa sauti ya kanisani. Miaka hamsini na mbili ninafuma, Selby, na hakuna aliyewahi kunipa hata kikombe cha chai. Leo mji mzima wa Vancouver umesimama!

Picha nimeiona. Umependeza. Na umefanya vizuri kunyoa zile ndevu, unafanana na baba yako sasa. Nimeibandika kwenye ubao wa matangazo kanisani, kila mtu aione. Jumapili walijaa pale mlangoni. Walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika, wengine wanafuta machozi. Sikujua watu wa hapa wana moyo mwepesi hivyo.

Basi baada ya ibada nikasimama ukumbini nikasema: Askofu anakuja kwetu mkesha wa Krismasi mwaka huu, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Kwaya yetu haiwezi kumpokea kwa yale majoho yaliyoliwa na nondo. Nitawafumia wote kumi na wawili, sweta moja moja, mfano ule ule ulioshinda Vancouver. Kukawa kimya! Yaani walivyoguswa, hakuna aliyeweza kusema neno.

Nimeshaanza. Ubarikiwe mwanangu, umeniongezea miaka.

Shangazi yako,
Dulcie

[Nyuma ya karatasi, kwa penseli:]
Selby, ni mimi Hubert, barua hizi huwa nazipeleka posta mwenyewe. Picha aliibandika kichwa chini. Niambie ukweli, hayo mashindano ni ya sweta baya kuliko yote, sivyo? Mpwa wangu wa Toronto aliwahi kunihadithia mchezo huo. Yule kulungu wa katikati ana miguu mitano na pembe zake zinatokea makalioni. Nawe unajua desturi ya hapa, toka enzi za babu zetu hakuna mtu anayekataa kitu alichofumiwa. Mimi ni sauti ya besi kwenye kwaya. Mungu akusamehe.


Vancouver,
16 Machi 2004

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, barua hii nimeianza mara tano. Mara ya kwanza kalamu iliisha wino, mara nne zilizobaki ni mimi niliyeisha.

Mimi ni mzima. Bata mzinga tulimla, alikuwa mgumu. Mvua inaendelea.

Shangazi, nimewaza sana kuhusu kwaya. Masweta kumi na mawili ni kazi ya kuvunja mgongo. Na majoho nayo yana heshima yake, hata yakiwa na matundu. Halafu kanisa linapata joto watu wakijaa, mtu aliyevaa sufu anaweza kuzirai katikati ya wimbo. Na je, Askofu? Wengine sufu inawapigisha chafya. Si ungewafumia skafu tu? Skafu za rangi moja. Fupi.

Jambo jingine dogo. Ndevu zangu sijanyoa. Zinafika kifuani. Zipo kwenye picha, karibu zimfiche kulungu mmoja. Shangazi, macho yako hayajambo?

Wako mtiifu,
Selby


Skerry Bight,
9 Mei 2004

Selby,

Salamu. Sijambo.

Macho yangu yana nini? Macho yangu hayajambo kuliko adabu yako. Picha ilioshwa vibaya, ndiyo sababu. Mtu anashinda kombe moja, tayari ameanza kumpangia shangazi yake afume nini! Skafu! Skafu inafumwa na mtu aliyekaa anasubiri feri. Mimi unanijua au umeshanisahau huko?

Sasa nisikilize, maana nitasema mara moja tu. Mimi sikuolewa na sikuzaa. Kaka yangu alikupata wewe, mimi nilipata sindano mbili za kufumia. Hapa nikipita njiani watu hawasemi "yule Dulcie asiye na mume," wanasema "yule Dulcie mfumaji." Bibi yako unamkumbuka? Miaka sita ya mwisho alikaa dirishani, haoni mlima wala bahari, na sisi tukampa donge la sufu alishike tu mikononi, ili aone bado anafanya kitu. Alikuwa analipapasa siku nzima. Mimi sitashikishwa donge, Selby. Siku mtu atakaponiambia siwezi tena kufuma, au atakapocheka kazi yangu mbele ya watu, siku hiyo sindano zinaingia jikoni motoni na mimi simwoni mtu tena. Basi. Habari ya macho tumeimaliza.

Masweta manne yameshakamilika. Ni mazuri mno.

Dulcie

[Nyuma, kwa penseli:]
La kwangu limo kwenye hayo manne. Lina matundu mawili ya shingo. Nilipomwuliza nitoe kichwa wapi akasema popote, umezaliwa mkaidi. Wiki iliyopita alikuta koti la mvua la mchungaji limetundikwa msumarini, akalisalimia, likakaa kimya, akalisema vibaya mbele za watu kwa kukosa malezi. Haoni, Selby. Na anajua kwamba haoni. Fanya kitu, wewe ndiye uliyemletea kombe. H.


Vancouver,
6 Septemba 2004

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na goti na Hubert na paka. Mimi ni mzima. Kiangazi kimekuwa kizuri, kwa mara ya kwanza nimeona ile milima watu wanayosema iko nyuma ya mawingu. Kazini wamenipandisha, sasa nina mashine mbili za rangi. Nageuza ukurasa, maana huko nyuma ndiko kwenye jambo.

[Ukurasa wa pili]
Shangazi, sherehe ile ilikuwa ya kushindania sweta baya. Huku watu hutafuta sweta la Krismasi la kuchekesha, linalotia aibu, na anayepata baya kuliko yote ndiye anayeshinda. Nililivaa lako nikijua. Si bluu. Ni kijani, ile ya nyongo, na kulungu ni pinki, na wa katikati ana miguu mitano. Mkono mmoja unanifika gotini. Nilicheka nilipolifungua, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu masweta yako ya zamani ninayo yote na hakuna kitanzi kilichokosewa. Nikajua kuna kitu. Badala ya kukuuliza, nikaenda nalo kwenye sherehe, nikashinda, nikakuandikia kwa majigambo. Ni uoga, sina jina jingine.

Sitaki wakucheke mbele ya Askofu. Nakuomba, nakupigia magoti, nenda kwa daktari wa macho. Huenda ni mtoto wa jicho tu, anatolewa, unarudi nyumbani siku ile ile. Nichukie ukitaka, ila nenda.

Mwanao mwenye makosa,
Selby


Skerry Bight,
3 Oktoba 2004

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Barua hii anaiandika Hubert, mimi nasema yeye anaandika, kwa sababu nimeteguka kidole. (Hajateguka. H.) Sisi hatujambo. Samaki wa chumvi ameshakauka, nimekutengea sehemu yako, jamu ya matunda ya mwituni pia ipo, chupa tisa. (Moja aliitia chumvi. H.)

Barua yako Hubert alinisomea. Nzuri, ila ilikuwa fupi mno! Unanisalimu, unaona milima, unapandishwa cheo, "nageuza ukurasa," na hapo hapo "ni mimi mwanao Selby." Hukugeuza kitu. Lakini nimekusamehe, mtu mwenye mashine mbili hana nafasi. Yale ya skafu tumeyasahau.

Masweta kumi yamekamilika. Niliwaagiza wanakwaya wayavae Jumapili iliyopita kuyazoesha mwili. Wote kumi waliyavaa. Nilikuwa nimekaa mbele, nikasikia waumini wanavuta pumzi kwa pamoja. Mpaka leo mwili unanisisimka.

(Selby, ukurasa wa pili niliuruka. Nilifungua mdomo, nikamwona ameegemea mbele anatabasamu anasubiri, ulimi ukanigomea. Nimeuweka kwenye kopo lake la biskuti pamoja na barua zako nyingine. Sasa sikia. Kumbembeleza hakufai, wewe unamjua. Philomena Stuckless wa ng'ambo ya ghuba alitolewa mtoto wa jicho huko St. John's mwezi wa Juni. Dulcie hajasikia. Nikisema mimi atajua nimetumwa. Sema wewe. H.)

Hubert anaandika muda mrefu kuliko ninavyosema, sijui ana nini. Kwa heri mwanangu.

Shangazi yako,
Dulcie


Vancouver,
15 Oktoba 2004

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na kidole. Mimi sijambo, mvua imerudi kwao.

Leo sina jipya, ila kuna umbea mdogo. Nimekutana na mtoto wa Philomena Stuckless huku, alikuja dukani kununua rangi ya bafu. Anasema mama yake alifanyiwa macho yote mawili, na sasa anafuma bila taa, tena anafuma huku anatazama televisheni. Eti anaweza kuhesabu manyoya ya ndege aliyetua juu ya paa la kanisa. Eti anasema, "Yule Dulcie Keeping wa ng'ambo alikuwa mfumaji mzuri, wakati wake."

Mimi nikamwambia shangazi yangu wakati wake haujaisha. Akatabasamu, lakini kwa namna ile ya kutabasamu unayoijua.

Ni hayo tu. Wasalimie wote.

Mwanao,
Selby

(Bwana Hubert, mstari huu usiusome: kama kuna dhambi katika barua hii, tugawane.)


Skerry Bight,
28 Novemba 2004

Selby,

Salamu. Hatujambo. Theluji imeanza.

WAKATI WAKE! Philomena Stuckless, ambaye mwaka 1971 alifuma soksi zenye visigino mbele! Nilipomaliza kumsikiliza Hubert nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Hubert akasema atanipeleka posta nikatume barua ya kumjibu. Nikamwambia barua ya nini, nipeleke kwa daktari.

Hili nimeliamua mwenyewe, sikushauriwa na mtu, iandikwe hivyo. (Nimeandika. H.) Daktari wa St. John's ameniangalia akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba amekomaa kiasi kwamba haelewi nilifikaje mlangoni kwake. Ataanza na la kulia, tarehe kumi na tatu Desemba. Nitakaa mjini kwa binamu mpaka mkesha wa Krismasi, nirudi na gari la Hubert moja kwa moja kanisani. Miwani ya jua niivae siku kumi na nne, nisiivue kabisa.

Niliogopa, Selby. Miaka minne niliogopa. Nilidhani akiniangalia atasema ndiyo basi. Na kidole hakikuteguka, hilo nalo liandikwe.

Masweta kumi na mawili yametimia. Nimejifumia na mimi la kumi na tatu, nimekwenda nalo kwa daktari. Manesi walikuja wote kuliangalia, mpaka wa wodi ya jirani. Nesi mkuu akasema, "Mama, sijawahi kuona kitu kama hiki." Nikamwambia hutaona.

Dulcie


Vancouver,
8 Desemba 2004

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia haraka ili iwahi posta. Nakuombea tarehe kumi na tatu. Tii amri ya daktari. Hasa ile ya miwani. Kanisani usiivue kabisa, tafadhali, kuna mishumaa, ni hatari. Ikiwezekana fumba na macho.

Na chochote utakachokiona ukishaanza kuona, kumbuka nilikupenda kabla.

Selby


Skerry Bight,
27 Desemba 2004

Selby,

Barua hii naiandika mwenyewe. Angalia mistari ilivyonyooka.

Salamu zako zitakuja baadaye kama utazistahili.

Mkesha wa Krismasi, saa kumi na moja jioni, Hubert alinishusha mlangoni pa kanisa akakimbia kupanga mstari na wenzake. Nikaketi benchi la mbele na miwani yangu. Askofu akaingia, mrefu, mwembamba, sura ya mtu anayelalia ubao. Kwaya ikasimama. Watu kumi na wawili wanaimba kwa ajili ya kazi ya mikono yangu, na mimi nikae gizani? Nikaivua miwani.

Yesu na Maria.

Kwanza nilidhani daktari ameniharibu. Nikalifumba jicho, nikalifumbua. Bado vile vile. Kijani! Selby, kijani cha kitu kilichotapikwa! Na wale kulungu! Mmoja kichwa hana, mwingine ana viwili, mmoja amempanda mwenzake kwa namna ambayo haifai hata kidogo mbele ya altare. Mwalimu wa shule mkono mmoja ulikuwa umeishia kiwikoni na wa pili unafagia sakafu. Na Hubert, mzee wa miaka sabini na mmoja, kichwa kimetoka tundu la kushoto, na tundu la kulia amelitilia ua la karatasi, eti lisikae bure. Askofu alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Akaivua tena, akaifuta tena.

Nikakumbuka picha ubaoni, mabega yanatikisika, kile kimya cha ukumbini, yule nesi. Yote yakaja kwa pamoja. Niliona aibu mpaka masikio yakaungua. Nikasema moyoni, natoka, naenda nyumbani, sindano zinaingia motoni leo hii. Nikainama kuokota mkoba wangu.

Ndipo nikaona nimevaa nini mimi.

Kulungu wangu alikuwa na miguu saba. Nimezunguka nayo St. John's wiki mbili. Nimeenda nayo benki.

Basi kicheko kikanikamata. Nilijaribu kukibana, kikatokea puani. Hubert akanitazama, akaona sina miwani, akajua. Besi ikamkatika katikati ya wimbo. Mwalimu wa shule akafuata, halafu soprano wote, halafu kanisa zima, watu walikuwa wamekibana kicheko hicho tangu Januari, Selby, kilipotoka kiliangusha viti. Askofu akajishikiza ukutani. Naambiwa alicheka bila sauti, machozi tu, na baadaye akauliza kama kuna la ziada.

Na pale nikicheka nilikuwa nalia pia, sikuachi usijue hilo. Maana niliwatazama mmoja mmoja, kwa jicho jipya, na nikaona kwamba wote walikuwa wakijua. Walijua mwaka mzima. Waliyavaa Jumapili zile zote, wakasimama wima mbele ya watu, mbele ya Askofu, kwa sababu ni mimi niliyefuma. Mtu mwenye akili zake hawezi kuvaa kitu kile kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa anakupenda. Sikujua kwamba napendwa hivyo. Nilidhani wananiheshimu tu kwa sababu ya mikono.

Jana nilipita nyumba kwa nyumba kuyakusanya niyafumue. Hakuna aliyekubali kulitoa. Mwalimu wa shule alinifungia mlango. Hubert kasema lake azikwe nalo, na kwamba ndani mna nafasi ya kichwa kingine kama namjua mtu anayehitaji. Nimemwambia aache upuuzi. Nimemwambia pia aje kula chakula cha mwaka mpya.

Sasa tuje kwako. Nimefungua kopo la biskuti na ukurasa wa pili nimeusoma mwenyewe. Nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuchukia. Mara ya pili nilikuta pale uliposema masweta yangu ya zamani unayo yote. Mara ya tatu nilikwenda kukutazama kwenye picha, nikaigeuza ikae sawa. Zile ndevu za nini? Umekuwa mtu mzima, Selby. Una uso wa baba yako na una huzuni ambayo hukuniandikia, na mimi miaka minne sikukuuliza, nikiogopa ukija utagundua sioni. Kumbe na wewe ulikuwa huji kwa jambo lako mwenyewe. Hilo nalo litakuwa na ukurasa wake wa pili. Utaniambia ana kwa ana.

Sweta la mwaka ujao nimeshalianza. Sasa naona vizuri, sina kisingizio, na ninakuapia litakuwa baya kiasi cha kutia hofu. Lile la kwanza ulishinda kwa bahati. Hili utashinda kwa ufundi.

Kombe ni langu, usilitume kwa posta. Lilete mwenyewe Aprili, wakinitoa mtoto wa jicho la kushoto. Panda ndege, panda basi, panda feri, na uwe umelivaa lile sweta. Nitakuwa nimesimama gatini, na sitahitaji Hubert aniambie ni nani anayeshuka.

Njoo, nikuone.

Shangazi yako,
Dulcie Keeping